Kampuni ya mbegu imeuzwa: uendelee kuagiza au uhame?

Kampuni inayouza mbegu kwa katalogi na kuzituma kwa posta ikiuzwa, wateja wake wengi hufanya moja kati ya mawili: wanahama siku hiyohiyo, au wanaendelea kuagiza kana kwamba hakuna kilichotokea. Wote wanaharakisha. Pakiti utakayoletewa mwaka huu ina mbegu zilizolimwa wakati wa mmiliki wa zamani. Mkono wa mmiliki mpya utauona msimu wa pili, na hasa wa tatu.

Sababu iko shambani. Karoti, kitunguu, kabichi na bitiruti huchukua miaka miwili kutoa mbegu: mwaka wa kwanza mmea unajaza mzizi au kichwa, mwaka wa pili ndipo unatoa maua. Mkulima wa mbegu hupewa mkataba kabla ya yote hayo. Zikishavunwa, mbegu zinakaushwa, zinapepetwa, zinapimwa uotaji, ndipo zinafungwa. Mbegu ya karoti inayotangazwa Januari huenda iliagizwa miaka mitatu nyuma. Nyanya, maharage na letusi hukamilika kwa msimu mmoja, lakini hata hizo kampuni huziweka ghalani akiba ya mwaka mmoja au zaidi. Na katalogi ya kwanza baada ya mauzo kwa kawaida huandikwa na wafanyakazi walewale, kwa maelezo yaleyale.

Kwa hiyo muda unao. Utumie kwa kazi tatu: kujua mbegu zako hutoka kwa nani hasa, kuzipima mwenyewe, na kujiwekea akiba ya aina usizotaka kuzipoteza.

Jina la kwenye pakiti

Kabla ya kukufikia, mbegu hupita mikono minne. Yupo mgunduzi wa aina, yaani aliyeichagua na kuitengeneza. Yupo mkulima wa mkataba aliyeizalisha. Yupo mfanyabiashara wa jumla. Mwisho ni kampuni ya posta inayofunga pakiti na kuchapa katalogi. Kampuni chache hufanya kazi zote nne. Nyingi hufanya ya mwisho tu, na pengine kuongeza aina chache zilizozalishwa kwao. Ndiyo maana swali la "nani anamiliki kampuni hii?" hujibu robo ya jambo. Swali lenye faida zaidi ni "aina hii imetoka wapi?", nalo linaulizwa aina kwa aina.

Chukua kampuni ya Seminis ya Marekani. Iliundwa katikati ya miaka ya 1990 kwa kuunganisha kampuni za mboga kama Asgrow, Petoseed na Royal Sluis. Monsanto, kampuni ya viuatilifu na mbegu, iliinunua mwaka 2005, na Bayer ikainunua Monsanto mwaka 2018. Nyanya chotara zinazopendwa sana na watu wa bustani Marekani, zikiwemo Celebrity, Big Beef, Better Boy na Early Girl, zimetoka katika nyumba hiyo. Kampuni ndogo ya mtu na mkewe inaweza kukuuzia Celebrity, na mbegu zile zikawa zimetoka kwa Bayer kupitia mfanyabiashara wa jumla. Vilevile kampuni iliyonunuliwa na mfuko wa uwekezaji inaweza kuendelea kuchukua maharage kwa mkulima yuleyule wa miaka ishirini. Jina la juu limebadilika, maharage ni yaleyale.

Fedco, ushirika wa mbegu wa jimbo la Maine, uliacha kuuza aina za Seminis baada ya ununuzi wa 2005. Jambo la kuiga zaidi kwao ni lingine: kando ya kila aina kwenye katalogi huweka namba inayoonyesha imetoka kwa msambazaji wa namna gani, kuanzia mkulima mdogo hadi kampuni kubwa ya kimataifa. Mteja anaamua mwenyewe akiwa na taarifa mkononi. Kampuni inayofanya hivyo bila kuulizwa inastahili alama nyingi, hata ukiwa hukubaliani na msimamo wake.

Wingi wa majina kwenye katalogi si wingi wa vyanzo. Mwaka 2023 watu wa bustani Marekani walionunua mbegu za pilipili ya jalapeño kwa kampuni tofauti walivuna pilipili za njano zisizo jalapeño, kwa sababu kampuni hizo zilikuwa zimechukua mbegu kwa msambazaji mmoja wa jumla. Aliyenunua pakiti mbili kwa kampuni mbili ili ajikinge alikuwa amenunua kosa lilelile mara mbili.

Hofu moja iondolewe mapema: kampuni kununuliwa na wenye viwanda vya viuatilifu hakuzifanyi mbegu zake ziwe zimebadilishwa vinasaba. Celebrity na Early Girl ni chotara za kawaida za kuchavusha kwa mkono. Mboga zilizobadilishwa vinasaba ni chache sokoni, kama vile baadhi ya mahindi matamu na maboga ya zukini, na huuzwa hasa kwa wakulima wakubwa. Mwaka 2024 nyanya ya zambarau ya Norfolk ilianza kuuzwa kwa watu wa bustani Marekani, nayo inatangazwa waziwazi kuwa imebadilishwa vinasaba. Ahadi ya Mbegu Salama ya mwaka 1999, ambayo kampuni nyingi za posta huichapa kwenye katalogi, inahusu jambo hilo tu: kampuni inaahidi kutonunua wala kuuza kwa kujua mbegu za aina hiyo. Haisemi lolote kuhusu mmiliki. Nembo ya kilimo hai pia haisemi. Alama zote hizo zinaweza kuwa kwenye katalogi ya kampuni iliyobadilisha wenyewe mara tatu.

Kumfuata mmiliki

Anza na anwani. Igeuze pakiti, soma anwani iliyoandikwa kwa herufi ndogo, kisha itafute kwenye intaneti ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Katalogi mbili zenye anwani moja ya ghala zina mwenyewe mmoja. Rudia kwa namba ya simu ya huduma kwa wateja. Kisha fungua ukurasa wa masharti ya matumizi au wa faragha kwenye tovuti yao: hapo ndipo jina la kisheria huandikwa, hata pale ukurasa wa historia ya kampuni unapoendelea kumtaja babu mwanzilishi. Ukishapata jina la kisheria, liangalie kwenye daftari la usajili wa kampuni la jimbo au nchi husika. Kwa Marekani kila jimbo lina daftari lake na kutafuta jina mara nyingi ni bure.

Utakuta familia nzima za majina. Kwa miaka mingi R.H. Shumway, Totally Tomatoes na Vermont Bean Seed zilikuwa chini ya kampuni moja, J.W. Jung ya Wisconsin. Foster & Gallagher ilipofilisika mwaka 2001, majina makongwe kama Gurney's na Henry Field's yalichukuliwa na Gardens Alive. Mteja aliyedhani analinganisha bei za washindani huenda alikuwa analinganisha mifuko miwili ya suruali moja.

Ukimpata mmiliki, jiulize ni wa namna gani, maana kila namna ina mwendo wake.

Mfuko wa uwekezaji hununua ili uje uuze, kwa kawaida ndani ya miaka michache. Tazamia gharama kupunguzwa na mauzo mengine kufuata. Ukiona mmiliki wa aina hiyo, akiba ya mbegu ianze mwaka huohuo.

Kampuni kubwa isiyo ya kilimo hununua jina. Burpee, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1876, iliuzwa kwa kampuni ya vyakula ya General Foods mwaka 1970, ikapita kwa ITT, na mwaka 1991 ikaingia kwa Ball, jamaa wa biashara ya mbegu na maua. Seeds of Change, iliyoanza mwaka 1989 kama kampuni ya mbegu za kilimo hai, ilinunuliwa na Mars, watengeneza chokoleti, mwaka 1997. Mmiliki wa namna hii anaweza kuwa na fedha za kutosha na bado asijali kitengo kidogo kinachouza pakiti.

Kampuni ya mbegu inaponunua kampuni nyingine ya mimea, swali ni moja: mashamba ya majaribio na mimea mama vitabaki? Burpee ilinunua kitalu cha Heronswood cha jimbo la Washington mwaka 2000, ikakifunga mwaka 2006. Kilichofanya wateja waipende Heronswood kilikuwa bustani na watu wake, navyo havihamishiki kwa lori.

Ushirika na kampuni ya wafanyakazi haziuziki kirahisi. Johnny's Selected Seeds, iliyoanza mwaka 1973, sasa ni mali ya wafanyakazi wake. Southern Exposure Seed Exchange ya Virginia ni ushirika wa wafanyakazi. Lakini neno ushirika peke yake lisikutoshe: Limagrain, inayoimiliki kampuni ya mbegu ya Vilmorin tangu 1975, ni ushirika wa wakulima wa Ufaransa na wakati huohuo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za mbegu duniani.

Kampuni ya familia ndiyo wengi huiamini bila kuuliza, na ndiyo inayopaswa kuulizwa zaidi. Mwenyewe ana umri gani? Mtoto wake anafanya kazi hapo, au yuko kwingine? Mauzo mengi ya kampuni za mbegu hutokea kwa sababu mwanzilishi amechoka na hakuna wa kumpokea.

Barua ya maswali matano

Andika barua pepe fupi. Chagua aina mbili unazozitegemea, uzitaje kwa majina, kisha uliza (fungu ni mbegu za zao moja zinazobeba namba moja):

1. Fungu mnalouza sasa lilivunwa mwaka gani, na katika nchi gani?
2. Uotaji ulipimwa mwezi gani, na ulikuwa asilimia ngapi?
3. Mmebadilisha msambazaji wa aina hii tangu kampuni ilipouzwa?
4. Ni nani anasimamia mashamba yenu ya majaribio sasa, na alikuwepo kabla?
5. Aina hii ina hataza (patent) au haki ya mgunduzi, na ni ya nani?

Jibu la kwamba "hatuwezi kutaja jina la msambazaji wetu" si baya. Mikataba mingi hukataza. Jibu baya ni lile lisilojua mwezi wa kupima uotaji. Taarifa hiyo kila kampuni inayo kwenye kompyuta pamoja na namba ya fungu, kwa hiyo anayeshindwa kuitoa ama hajali ama ghala limehamishwa na kumbukumbu hazikuhamishwa. La pili ndilo hutokea sana mwaka wa kwanza baada ya mauzo. Wape wiki mbili, uulize tena mara moja.

Hapa kuna mtego wa kisheria wa kuujua. Marekani, pakiti ndogo ya mboga iliyofikia kiwango cha chini cha serikali kuu hailazimiki kwa sheria hiyo kuandikwa asilimia ya uotaji. Na viwango hivyo si vya juu: nyanya 75, letusi na tango 80, kitunguu na maharage 70, spinachi 60, karoti na pilipili 55. Pakiti ya pilipili yenye uotaji wa 56 iko halali kabisa. Mwaka uliopigwa muhuri nao ni wa kufungwa kwa ajili ya kuuzwa, wala hauelezi mbegu zilivunwa lini. Mbegu ya nyanya iliyovunwa miaka mitatu nyuma inaweza kufungwa leo, ikapigwa muhuri wa mwaka huu, na ikawa nzima. Kitunguu cha umri huo ni hatari, kwa sababu mbegu za kitunguu huzeeka haraka kuliko karibu mboga zote.

Zisome katalogi mbili pamoja

Usitupe katalogi ya mwisho ya mmiliki wa zamani. Iweke kando ya mpya na uchukue aina kumi unazozijua. Kazi hii ni ya saa moja, na hufichua mengi kuliko tangazo lolote la kampuni.

Tazama kwanza namba. Je, siku za kukomaa bado zimeandikwa, na bado inaelezwa kama zinahesabiwa tangu kusia au tangu kupandikiza? Kwa nyanya tofauti hiyo ni wiki sita hivi. Tazama herufi za ukinzani wa magonjwa: V ni mnyauko wa vetisili, F ni mnyauko fuzari, N ni minyoo fundo, T ni batobato ya tumbaku. Celebrity iliyokuwa na V, F mbili, N na T ikiandikwa sasa kuwa "inastahimili magonjwa" bila herufi, mwandishi mpya hajui umuhimu wake, au hataki kushikwa kwa maneno yake. Herufi zikibadilika na jina likabaki, uliza. Kisheria Marekani aina ya mbegu ina jina moja tu, lile iliyouzwa nalo mara ya kwanza, na kuibandika jina jipya la kuvutia ni kosa. Lakini jina lilelile linaweza kubeba ukoo mwingine wa mbegu, na hapo ndipo aina za urithi, yaani za kale zinazorithishwa kwa mbegu, huharibikia.

Nyanya ya Brandywine inafaa kuonyesha hili. Haimilikiwi na mtu. Kampuni yoyote inaweza kuiuza. Zipo koo kadhaa zenye jina hilo, na ule unaosifiwa zaidi kwa ladha huitwa wa Sudduth. Katalogi ya zamani ikiwa iliandika ukoo na mpya ikaufuta, huenda chanzo kimehama. Uthibitisho utaupata trei ya miche ikiwa na wiki nne tu. Brandywine ya ukoo wa Sudduth ina jani la mviazi: pana, kingo nyororo, bila yale meno ya jani la kawaida la nyanya. Majani mawili ya kwanza ya mviringo ni ya mbegu, yapuuze. Subiri jani la tatu au la nne la kweli, inua trei ifikie usawa wa macho, upitishe kidole ukingoni. Mche mmoja wenye meno kati ya ishirini ni uchavushaji wa bahati mbaya shambani. Ishirini yote yenye meno ni mbegu nyingine. Huna haja ya kusubiri matunda ili ulalamike. Piga picha siku hiyo.

Kisha hesabu mbegu na bei. Kupunguza idadi ya mbegu ndani ya pakiti bila kugusa bei ni njia ya kwanza ya mmiliki mwenye haraka ya fedha. Gawanya: pakiti ya dola 3.75 yenye mbegu 40 ni senti 9.4 kwa mbegu. Ya dola 4.25 yenye mbegu 25 ni senti 17. Jumlisha na posta, kwa sababu ada ya dola 8 kwenye oda ya dola 24 inaongeza theluthi nzima. Mbegu zinazouzwa kwa uzito zibadilishe kuwa idadi: gramu moja ya nyanya ina mbegu kati ya 250 na 400 hivi, ya karoti 600 na zaidi.

Mwisho hesabu aina zilizoondolewa. Orodha kupungua kidogo ni kawaida ya kila mwaka. Ukikuta zilizoondoka ni zile zisizo chotara na zilizobaki ni chotara zinazopatikana kila katalogi, ujue manunuzi yamehamia kwa muuzaji mkubwa mmoja. Seminis yenyewe, ikibana matumizi mwaka 2000, ilitangaza kuachana na aina zipatazo 2,000, karibu robo ya zilizokuwepo.

Kupima uotaji bila kujidanganya

Hesabu mbegu 20 kutoka pakiti mpya. Lowesha karatasi ya jikoni, ikamue mpaka isidondoke. Ukiibonyeza kwa kidole, pasibaki dimbwi. Panga mbegu zisigusane, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, uandike kwa penseli aina, namba ya fungu na tarehe. Nyanya na pilipili zinataka nyuzi 24 hadi 27 za selisiasi. Letusi inataka 18 hadi 21, na ikizidi 28 hivi inalala, nawe utadhani imekufa. Maharage hesabu siku 8, nyanya 14, kitunguu 12, karoti na pilipili 21.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni maji kupita kiasi: mbegu inakosa hewa, inaota ukungu, lawama inakwenda kwa kampuni. La pili ni kuhesabu kila iliyopasuka. Hesabu zile tu zenye mzizi mzima na chipukizi lililonyooka. Iliyotoa ncha ya mzizi ya kahawia ikasimama haitatoka udongoni.

Halafu usiitie namba yako uzito isiokuwa nao. Mbegu 16 kati ya 20 zikiota, una asilimia 80, lakini kwa sampuli ndogo kama hiyo ukweli wa fungu zima unaweza kuwa popote kati ya 56 na 94. Kama kampuni imesema 85, kupata 15 au 16 si ushahidi wa chochote. Ukipata 13 au chini yake una haki ya kushuku, maana kwa mbegu za asilimia 85 matokeo hayo hutokea kama mara mbili katika vipimo mia. Rudia kwa mbegu 20 nyingine. Mara ya pili ikiwa hivyohivyo, andika ukiambatanisha namba ya fungu, joto, siku na picha. Malalamiko yaliyoandikwa hivyo hulipwa. Yale ya "hazikuota kabisa" hujibiwa kwa ushauri wa kumwagilia.

Kipimo cha shambani ni cha aina mbili tatu tu, zile zinazobeba bustani yako. Nunua aina moja kwa kampuni mbili, lakini hakikisha namba za fungu na nchi ya asili ni tofauti, la sivyo unapima mbegu moja dhidi ya nafsi yake. Panda mimea minane ya kila chanzo, ukibadilishana minne minne ili sehemu nzuri ya tuta isipendelee upande mmoja. Andika mambo matatu: siku ya tunda la kwanza kuiva, mimea isiyofanana na wenzake, na ugonjwa. Chotara ya F1, yaani kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, inapaswa kufanana kama mapacha; mimea miwili midogo isiyofanana kati ya minane inaonyesha uchavushaji haukudhibitiwa. Rudia msimu wa pili na wa tatu baada ya mauzo, kwa chanzo kilekile. Bila msimu wa tatu kipimo hiki hakijajibu swali lililokuleta.

Akiba ya usichotaka kupoteza

Gawa orodha yako mafungu mawili: unazoweza kuzitunzia mbegu mwenyewe na usizoweza.

Nyanya, maharage, njegere na letusi hujichavusha zenyewe. Zisizo chotara, ukianza na pakiti nzuri ya mmiliki wa zamani, hutahitaji kampuni yoyote baadaye. Nyanya: chagua matunda kwenye mimea mitano au zaidi iliyo sawasawa na aina, kamulia mbegu na maji yake kwenye chupa, acha siku mbili au tatu zichache, suuza, tandaza kwenye sahani. Si kwenye karatasi, zitanata. Maharage: acha maganda yakaukie shambani, chukua kwa mimea ishirini. Gonga punje moja kwa nyundo. Ikivunjika vipande imekauka, ikibonyea bado ina maji. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha mpira pamoja na chembe za silika, kisha kwenye friji. Kanuni ya zamani ya mtaalamu wa mbegu Harrington inasema kila asilimia moja ya unyevu unaopungua ndani ya mbegu huongeza maisha yake maradufu, na kila nyuzi tano au sita za joto zinazopungua hufanya vivyo hivyo. Unyevu una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Friji bila kukausha ni nusu ya kazi.

Maboga, mahindi na karoti huchavushwa na nyuki au upepo kutoka kwa jirani, na mahindi yanataka mimea mia mbili hivi ili ukoo usidhoofike. Hizo na chotara zote, nunua akiba. Nyanya iliyokaushwa vizuri itakaa miaka minne au zaidi, tango mitano, karoti mitatu, kitunguu usinunue cha zaidi ya msimu ujao.

Kwa chotara unayoitegemea, akiba ya kweli ni chotara ya pili ya mgunduzi mwingine. Wazazi wa F1 hukaa kwa mgunduzi peke yake. Akiamua kuiacha, imekwisha, hata kama katalogi ishirini zinaiuza. Orodha ya washindi wa All-America Selections, shindano la Marekani la aina mpya za mimea, hutaja mgunduzi wa kila aina, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia: Celebrity ya 1984 na Big Beef ya 1994 zote zilitoka Petoseed, kwa hiyo kuzipanda mbili hizo si kujikinga. Tafuta ya pili kwa Sakata au Takii za Japani, au Bejo, Enza Zaden na Rijk Zwaan za Uholanzi.

Kabla ya kutunza mbegu, soma alama. Herufi PVP kwenye katalogi za Marekani ni haki ya mgunduzi, ya miaka 20 kwa mboga. Inakuruhusu kutunza mbegu kwa shamba lako, haikuruhusu kuziuza. Hataza ni kali zaidi na inaweza kukataza hata kutunza. Aina zenye ahadi ya Open Source Seed Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 2012, ziko huru kutunzwa, kugawiwa na kuboreshwa, kwa sharti usimfungie mwingine mlango huo.

Kugawa oda

Mwaka wa mauzo, acha robo tatu ya oda kwa kampuni ya zamani, peleka robo kwa chanzo cha pili. Mwaka wa pili, kama majibu ya barua yalikuwa ya maana na vipimo vimetulia, usibadili kitu. Kama mawili kati ya haya yametokea, geuza mgawo: fungu moja limeshindwa uotaji mara mbili, aina imekuja tofauti na jina, herufi za magonjwa zimefutwa, au barua ya pili haikujibiwa. Mwaka wa tatu ndio wa kuamua kubaki au kuondoka kabisa, na hata ukiondoka unaweza kuendelea kuagiza ile aina moja ambayo wao tu ndio waliizalisha.

Agiza Desemba au mapema Januari wakati huu wa mpito. Ghala likihamishwa, oda za Februari na Machi ndizo huchelewa, na pilipili inataka kusiwa wiki nane kabla ya kupandikizwa. Pakiti tupu usizitupe: zibane pamoja kwa mwaka na uzitunze misimu mitatu, maana namba ya fungu iliyo nyuma ndiyo kitu pekee kitakachoonyesha kama mbegu mbaya ya mwaka huu na ya jirani yako zilitoka gunia moja.